Kabla ya kupanda muhogo, ulizia pingili zimetoka shamba gani

Hapa kwetu Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, muhogo ndio unaotulisha, kwa kuwa mizizi yake hutupa unga na majani yake ni mboga, ambayo wengi wetu tunaiita sombe kama wanavyoiita majirani zetu wa Kongo. Hata hivyo ni mmea unaoficha maradhi yake ardhini, nami nililijua hilo baada ya kupoteza mavuno ya msimu mzima.

Nilipewa pingili, yaani vipande vya shina vya kupandia, za bure kutoka shamba la jirani, zenye mashina manene na majani ya kijani yaliyonivutia, nikapanda nusu ekari bila kuuliza lolote. Baada ya mwaka mmoja niling'oa shina la kwanza, nikaona mizizi minene isiyo na kasoro kwa nje. Nilipoukata mmoja kwa panga, ndani ulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama gome la mti. Nikakata wa pili na wa tatu, hata mke wangu akaniomba niache. Ulikuwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao uliibuka upya nchini Uganda mwaka 2004 na ambao, tofauti na batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo unaokunja majani waziwazi, mara nyingi huonyesha umanjano kwenye majani ya chini, unaodhaniwa kwa urahisi kuwa ni uzee. Inzi weupe huusambaza, lakini mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaoubeba katika mafungu ya pingili.

Kwa hiyo nakushauri uende shambani wakati mwenyewe anavuna, umwombe akate mizizi ya mashina mawili matatu mbele yako, na ukiona doa la kahawia usichukue hata pingili moja. Aina kama NASE 14 na NAROCASS 1, zilizotoka katika kituo cha utafiti cha Namulonge, huvumilia zaidi, ila nazo zikirudiwa kupandwa miaka mingi huchoka. Mimi hukata pingili za sentimita 20 hadi 30 zenye macho matano au zaidi, nikazipanda kwa nafasi ya mita moja kila upande, yaani mashina kama 4,000 kwa ekari, na shina linalougua naling'oa mapema.

Ulizia pia kama muhogo huo ni mchungu. Sumu yake, sianidi, hutokea pale chembe za mmea zinapopondwa na vitu viwili vilivyotengana ndani yake kukutana, yaani chanzo cha sumu na kimeng'enya, kitu kinachokivunja chanzo hicho; kisha sumu hutoka kama hewa. Ndiyo sababu sombe hutwangwa kabisa kabla ya kuchemshwa, na sufuria huachwa wazi. Anayechemsha majani mazima ili kuokoa muda huua kimeng'enya hicho kabla hakijakivunja chanzo cha sumu, nacho hubaki chunguni. Mwezi wa Septemba mwaka 2017 huko Kasese, magharibi mwa Uganda, watu 98 waliugua kwa kula unga wa muhogo wenye sianidi, na wawili wakafariki. Tangu nilipoyasoma hayo sinunui unga kwa mtu asiyeweza kunieleza ulivyoandaliwa. Mizizi michungu sisi tunaimenya, tunailoweka siku tatu au nne mpaka ilainike na kubonyea kwa kidole, tunamwaga maji yake, halafu tunaianika juani hadi ikauke na kukatika kwa mlio.