Kama ya Dukani

Mhariri, salaam.

Swali lenu la wiki hii, "Je, manda za dukani zimeua mkono wa mama?", yaani zile ngozi za unga za kukunjia sambusa, nililisoma kituoni nikisubiri basi, na basi likanipita hivi hivi nikiwa nimeinamia simu. Nilizaliwa Majengo, Mombasa, na huu ni mwaka wa 11 niko Vigo, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Mambo ya unga na mikono ninayo moyoni siku nyingi. Mnivumilie.

Kwanza huo mkono wa mama. Wanaoulilia wengi wao wanaukumbuka ukiwa umeshika sahani, sambusa zimeshaiva. Mimi naukumbuka ukiwa juu ya chuma cha moto. Ramadhani, baada ya adhuhuri, mama anasukuma vidonge vitano, anavipaka mafuta, anavinyunyizia unga, anavipandanisha, anavisukuma tena kwa pamoja mpaka vinakuwa duara moja kubwa. Analitandaza kwenye chuma kikavu, analigeuza mara moja, halafu anazibandua manda mojamoja zingali zinafuka. Ukingoja zipoe, zinachanika. Na tumbo tupu, na midomo imekauka. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kama kisigino. Pakiti za manda zilipoanza kuonekana soko la Marikiti alinunua siku ileile, na sikumsikia akiomboleza. Kwa hiyo mimi jibu langu nalitoa mapema: duka halikuua mkono wowote. Duka liliupumzisha.

Tena mnisaidie kukumbuka. Sisi tulipokuwa wadogo, keki ikitoka vizuri, wageni walisema nini? "Mashaallah, kama ya dukani!" Hiyo ndiyo ilikuwa sifa, hakuna iliyoizidi. Leo maneno hayohayo yamekuwa kejeli. Nataka niwaeleze siku nilipoambiwa mimi, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikose basi.

Nilikuja huku kumtunza mjane mmoja wa mtaa wa Teis, kazi ya kulala hukohuko. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, maradhi ya Parkinson. Mwaka wa kwanza nilimwita Señora, baadaye avoa, yaani bibi kwa Kigalisia, lugha ya huku Galicia. Marehemu mumewe alikuwa baharia wa meli za jodari, zile za Kihispania zilizoanza kuja kuvua katika Bahari ya Hindi miaka ya 1980 na kutia nanga Victoria, Shelisheli. Siku ya kwanza aliniuliza kama kwetu ni mbali na Victoria. Nikamwambia ni siku tatu hivi kwa meli. Akatikisa kichwa, akaniona jirani.

Kila Jumapili wanawe walikuja kula, na kila Jumapili lazima iwepo empanada, mkate wao wa kujazwa ndani. Nawaomba msikubali mtu awaambie kwamba empanada ya Galicia ni sambusa kubwa. Ile ndogo ya nusu mwezi, empanadilla, inayotiwa jodari, nyanya na yai la kuchemsha, ikabanwa ukingo kwa uma na kukaangwa, hiyo sawa, inaweza kukaa sinia moja na sambusa na wageni wasishtuke. Binti yangu anasema hata kitabu cha mapishi cha Andalus, Hispania ya Waislamu, cha karne ya 13 kina sanbusak ndani yake. Haya, udugu upo, lakini huo ni wa kusini kwenye jua. Empanada ya huku kwenye mvua ni mkate. Jina lenyewe limetoka kwenye pan, mkate: kitu kilichovikwa mkate. Ni pana kama sinia, inaokwa, inakatwa vipande, inaliwa kwa mkono ikiwa vuguvugu, na ikilala ndiyo inazidi utamu. Na ni ya zamani. Bintiye avoa alitupeleka siku moja Santiago de Compostela, kwenye Pórtico de la Gloria, lango la kanisa kuu, kazi ya mchongaji Maestro Mateo ya mwaka 1188. Upande wa waliohukumiwa yumo mlafi wa jiwe, shingo imebanwa, empanada iko mdomoni, kumeza hawezi. Avoa alimnyooshea fimbo akasema, "Huyo alikula ya kununua."

Sasa, Jumamosi ya kwanza. Avoa kwenye kiti chenye mto karibu na oveni, mimi mezani. Mikono yake ilikuwa imeacha kukanda karibu mwaka, na wanawe walikuwa wakinunua kwa mwokaji wa chini barabarani. Mimi kukanda najua. Hilo ndilo lililoniponza. Niliuchukua ule unga nikausukuma nilivyozoea, mwembamba, unaona ubao kwa chini. Avoa akacheka mpaka fimbo ikaanguka. "Unanifungia zawadi?" akaniuliza. Unga wa empanada haupitishi mwanga. Unakuwa na unene kama wa chapati ya maji iliyoshiba, na unaumuliwa kwa hamira kama mkate.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na lile la friji. Alinielekeza nimtolee bakuli la rafu ya chini. Ndani mna donge jeupe. Nikalinusa, nikauliza, akanitajia: mafuta ya nguruwe. Na nusu glasi ya divai nyeupe, akaongeza, ndiyo inayolainisha unga. Nikarudisha bakuli, nikanawa mikono mara mbili, nikasimama nikitazama mvua dirishani. Nilikuwa nimewahi kutafuta njia ya mkato: nilinunua zile duara za unga za pakiti, nikafika nazo nyumbani, nikasoma nyuma kwa herufi ndogo, manteca de cerdo, hayo hayo mafuta. Nikajua hapa hakuna mlango. Nitamkandia anayekula, mimi nile wali wangu.

Avoa hakusema neno kuhusu dini. Alikaa kimya, kisha akaniambia nianze na vitunguu. Na hapa nataka niende polepole, maana watu huharibu hapa. Kwa nusu kilo ya unga, vitunguu karibu kilo nzima. Ndiyo, kilo. Vikatwe vidogo, pamoja na pilipili hoho nyekundu mbili, vitiwe kwenye mafuta mengi ya zeituni, moto mdogo, dakika 40. Visikaangike. Vilegee tu, vinyamaze. Halafu unaepua kabisa, ndipo unatia kijiko cha pimentón, ile pilipili nyekundu ya unga isiyowasha, kwa sababu ikikutana na moto inaungua na kuwa chungu. Mchanganyiko huo wenyewe wanauita zaragallada. Ukishatulia, unaumwaga kwenye chujio juu ya bakuli, unausubiri. Yanadondoka mafuta ya rangi ya machungwa, yamebeba kitunguu, pilipili, kila kitu.

Avoa akayanyooshea kidole kinachotetemeka. "Mama yangu aliweka hayo. Nguruwe alikuwa wa kuuza." Basi hayo ndiyo yaliyoingia kwenye unga, kikombe kidogo cha kahawa hivi, na maji ya vuguvugu mahali pa divai. Unga ukawa wa rangi kama ya korosho iliyokaangwa, laini, haushiki mikono. Mpaka leo sijui kama mama yake kweli alifanya hivyo au avoa alinitungia papo hapo. Sikumuuliza.

Ile ya kwanza iliharibika vilevile. Nilitia zaragallada ikiwa bado ya moto, unga wa chini ukalowa, na tulipoinua kipande, jodari alibaki kwenye trei. Jumamosi ya pili niliiwahisha, vitunguu nikavipika Ijumaa usiku vikalala. Trei ikatandazwa unga, ukajazwa, ukafunikwa unga wa pili, na shimo dogo katikati la kutolea mvuke. Ya tatu ndiyo kisa.

Jumamosi ya tatu nilijua sasa. Kila kitu kilikuwa kimekaa. Nilipofika ukingoni, pale unga wa chini unapopandishwa juu ya wa juu na kukunjwa, nilikumbuka bibi yangu akisuka ukili wa mkeka, vidole vinavyopishana. Nikausuka ule ukingo vivyo hivyo, kamba sawasawa, jino kwa jino, duara zima. Nikaupaka yai. Ukatoka kwenye oveni unang'aa, ungedhani umepigwa mashine. Nilipiga picha nikamtumia dada yangu Mombasa. Akajibu: "Kama ya dukani!"

Jumapili mwana mkubwa akaingia, akaning'iniza koti, akaitazama mezani, akamuuliza mamake kwa utani tu, "Leo mmenunua kwa nani?"

Maneno yaleyale. Dada yangu amenivika taji, huyu amenivua, na haijapita siku. Avoa hakucheka. Chakula kikaliwa, wakasema nzuri, wakaaga. Nilipokuwa nimemvalisha nguo za kulala aliniambia kuwa ukingo wake yeye haujawahi kunyooka, hata kabla ya maradhi. Wanawe walikuwa wakiujua kwa hilo.

Kuanzia wiki iliyofuata akataka kukunja ukingo mwenyewe. Mhariri, ilichukua karibu nusu saa. Mimi nimeshika trei isiteleze, unga unazidi kuumuka, yeye anafinya kidogo, mkono unaruka, anafinya tena palipotokea kufinyika. Ukawa na mawimbi, pengine nene, pengine umeachia na mchuzi umetoka ukaungua. Jumapili mwana mkubwa akaona, akasema, "Hii ndiyo ya mama."

Nilichukia. Nakiri kwenu kwa sababu hamnijui. Vitunguu nilikata mimi, machozi yangu. Kukanda mimi, kuchuja mimi, kuosha masufuria mimi. Chake kilikuwa ukingo peke yake, na ukingo ndio ulioitwa empanada ya mama. Usiku ule nilisema moyoni: kumbe ndivyo, "mkono wa mama" ni jina ambalo watu huipa sahani ili wasitaje aliyechoka.

Na nilipokaa kuwaandikia nilikusudia niishie hapo. Maneno nilikuwa nayo tayari, makali. Lakini nimeandika kuhusu ile nusu saa na sasa siyaamini sawasawa. Yeye alikuwa hawezi tena kufunga kifungo cha gauni. Kijiko cha supu nilimshikia mimi. Siku sita hakuna kilichokuwa chake katika nyumba ile, na ya saba ulikuwa ukingo. Mimi kiburi changu cha ukili nilikuwa na mahali pengine pa kukipeleka.

Avoa alifariki mwaka wangu wa sita. Sasa naishi na binti yangu karibu na soko la Calvario, na Jumamosi mbili kwa mwezi nakanda. Natumia jodari wa kopo, atún claro, kwa kawaida jodari wa mapezi ya manjano, na nimezoea kulisoma kopo kabla ya kulifungua. Likiandikwa FAO 51, namba ya eneo la uvuvi, ni Bahari ya Hindi upande wa magharibi. Huyo kapita karibu na kwetu. Nikipata kombe wadogo wale wanaoitwa berberechos nafanya ile ya unga wa mahindi, ambayo haikunjiki ukingo kabisa, inapasuka tu kama udongo na haijali. (Sisi Washafii kombe si neno, walio na madhehebu mengine watauliza wanazuoni wao.) Ukingo wa ile ya ngano nausuka ukili, sawasawa. Siwezi kuupinda kwa makusudi, itakuwa maigizo.

Kwa hiyo, zimeua au hazijaua? Nikirudia swali lenu, manda si kipimo kizuri. Manda ni buibui: kazi yake ni kufunika, na iliyoshonwa kiwandani inafunika kama iliyoshonwa nyumbani. Sambusa ni nyama yake, limau yake, na anayezikunja pembe. Nunueni. Mkate ni kitu kingine. Unga wa empanada ni nusu ya chakula, na ndani yake mnaingia mafuta ambayo mtu wa dukani hana sababu ya kuyachuja kwa ajili yenu, wala ya kuuliza mnakula nini. Hapo, ndiyo, nitasema jambo ambalo mwanzo wa barua hii nilikuwa nimeapa silisemi: kuna kitu duka linaua. Dogo, na si kila nyumba inalo. Yule mwokaji wa Teis, nasikia, ukoko wake ulikuwa bora kuliko wetu.

Na kama ni futari ya watu 20, haya yote yafuteni. Nunueni manda, na atakayeulizia mkono wa mama mpeni chuma cha moto azibandue yeye.

Msomaji wenu,
Vigo