Riwaya Imekwisha, Wavulana Wale Wawili Hawajakutoka Moyoni

Msomaji mmoja ametuandikia ujumbe saa nane usiku. Amemaliza riwaya ya wavulana wawili wanaokua pamoja mpaka wanapendana, na tangu aifunge hajaweza kushika kitabu kingine. Anauliza mambo mawili: asome nini sasa, na je, ipo siku ataweza kuandika kitu cha namna hiyo? Jibu letu kwa maswali yote mawili ni moja. Isome tena riwaya ile ile, safari hii ukiwa na penseli.

Tunajua jibu hili haliwaridhishi wengi. Riwaya ikikunasa hivyo unatamani nyingine ya kufanana nayo, na upesi. Hapo ndipo watu wanapoharibu. Ukianza ya pili papo hapo utaisoma kwa kiu ya ile ya kwanza. Utaruka kurasa ukitafuta mahali wanaposhikana mikono, utapakosa, na utaiona riwaya baridi hata kama ni nzuri kuliko iliyotangulia. Ngoja wiki moja. Katikati soma kitu cha mbali kabisa, mashairi au historia, kisha rudi.

Ukirudi, usianzie ukurasa wa kwanza. Anzia pale moyo wako uliposhtuka, andika namba ya ukurasa huo, kisha igawe kwa jumla ya kurasa. Tuseme kitabu kina kurasa 300, na mikono inagusana kwa mara ya kwanza ukurasa wa 140. Mwandishi amekunyima karibu nusu ya kitabu, na bado hukukiweka chini. Sasa rudi nyuma utazame alikuwa akikulisha nini muda wote huo. Mara nyingi ni vitu vidogo: sweta la kuazima, baiskeli mbovu, kanda ya nyimbo, kitabu kilichoandikwa pembeni kwa kalamu. Kitu hicho hurudi, aghalabu mara tatu. Kwanza ni kitu tu. Kikirudi mara ya pili, kimeshika harufu ya mwenyewe. Mara ya tatu mwenyewe hayupo, na hapo ndipo ulipolia. Kipigie mstari kila kinapotokea, halafu hesabu kurasa zilizopo kati ya mstari na mstari. Zikiwa chache mno, msomaji anaona mkono wa mwandishi. Zikiwa nyingi mno, kitu kinakuwa kimesahaulika kabla hakijarudi.

Anayeanza kuandika hukosea hapo hapo. Anaandika "alimpenda sana" ukurasa wa 20, kisha anabaki na kurasa 280 za kuyarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi.

Chukua penseli ya rangi nyingine kwa ajili ya yasiyosemwa. Weka alama kila mahali mhusika anapotaka kusema jambo akasema lingine. Utashangaa zilivyo nyingi, na si kwa sababu wavulana hawa ni wanyamavu kwa tabia. Mvulana anayempenda msichana ana woga mmoja mkubwa: je, naye ananipenda? Mvulana anayempenda mvulana ana woga wa ngazi tatu. Je, ananipenda? Kabla ya hilo, je, yeye ni mtu anayeweza kumpenda mvulana? Na kabla ya hilo tena, nikiuliza, je, nitabaki salama na urafiki wetu utabaki? Kila ngazi ina ishara zake. Ya juu ni macho na kimya. Ya kati ni kupimana: anataja filamu, anataja jina la mtu fulani, anasikiliza mwenzake atacheka vipi. Ya chini ni kujilinda: anajitia utani, anasema mambo ya wasichana asiyoyaamini, anasogea mbali kidogo kwenye kiti.

Ndiyo maana tunaumia tunaposikia watu wakizisifu riwaya hizi kwa kusema "ni penzi kama penzi lingine lolote". Wanasema kwa wema, lakini wanafuta nusu ya kazi ya mwandishi. Upendo ni ule ule. Njia ya kuufikia siyo. Wahusika hawa hawakukua wakiona mfano wao mezani nyumbani wala kwenye hadithi za shuleni, kwa hiyo kila hatua wanaivumbua wenyewe, na upole wa kitabu unatokana na huo uvumbuzi. Mwandishi anayeziruka ngazi mbili za chini hupata hadithi tamu isiyo na uzito.

Tazama pia nani anasimulia, na akiwa na umri gani. Zipo njia mbili kuu. Katika ya kwanza, mtu mzima anakumbuka: anajua walivyoachana, na kila furaha ya siku zile ina kivuli cha anachokijua. Katika ya pili, kijana anasimulia mambo yakitokea, hajui kesho, na msomaji anajua zaidi yake. Ya kwanza huleta majonzi, ya pili huleta wasiwasi. Ukitaka kuandika, chagua moja kabla ya sentensi ya kwanza. Rasimu nyingi hufa kwa sababu kijana wa miaka 16 anazungumza kwa busara ya mtu wa 45.

Hapa Kiswahili kinakupa kipawa. Chukua aya mbili za riwaya uliyoisoma kwa Kiingereza uziandike kwa Kiswahili. Utaona siku za mwanzo za urafiki wao zinataka *hu-*: hukutana mtoni, huogelea, hugawana chungwa. Kisha inafika siku moja, na kitenzi kinageuka kuwa *-li-*: siku hiyo alikuja peke yake. Mgeuko huo wa kutoka mazoea kwenda tukio ndipo penzi linapoanza. Katika Kiingereza unaweza kukupita. Kwetu unasikika sikioni.

Jambo la pili utakalokutana nalo ni kiambishi *a-*. Kwa Kiingereza, wavulana wawili wakiwa chumba kimoja, viwakilishi vyao vinafanana na mwandishi analazimika kutaja majina kila mara. Kwetu, "alimtazama" halituambii kabisa kama ni mvulana au msichana. "Mpenzi" pia halisemi, wala "mwandani". Kwa hiyo wewe ndiye unayeamua msomaji ajue lini. Lakini usiifanye siri hiyo kuwa mtego. Ukificha hadi ukurasa wa 100 kisha ukafichua kwa kishindo, umegeuza penzi lao kuwa kitendawili. Majina yatajwe mapema, na ukimya uutunze kwa ajili ya hisia.

Kuhusu wazazi tutasema kidogo tu. Baba akiwa zimwi, au akitoa hotuba nzuri ya kurasa mbili, weka alama ya kuuliza. Baba wanaokumbukwa katika vitabu hivi huzungumzia jambo lingine, na mwana anaelewa.

Mwisho wa riwaya unahitaji uujue urithi wake. Mwandishi Mwingereza E. M. Forster aliandika *Maurice*, riwaya ya wanaume wanaopendana, mwaka 1913 na 1914, akasisitiza kwamba lazima wapendanao wamalizie pamoja, na hakuichapisha maisha yake yote. Ilitoka mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Huko Marekani, mwaka 1969, John Donovan alichapisha riwaya ya vijana ambamo wavulana wawili wanabusiana, kisha mbwa wa mmoja anagongwa na gari, na mvulana anaona kwamba hiyo ni adhabu yake. Mwaka 1982 Nancy Garden alichapisha *Annie on My Mind*, kuhusu wasichana wawili, na akawaacha na tumaini. Ukizijua hizo tatu, utaupima mwisho wowote kwa swali moja: ondoa ajali, ugonjwa au kifo kilichowatenganisha, je, bado kuna sababu ndani yao wenyewe ya kuachana? Ikiwepo, huzuni ni halali. Isipokuwepo, mwandishi amefuata desturi ya kale ya kuwaadhibu, pengine bila kujua.

Ukitaka kuandika maoni yako juu ya kitabu, maneno 300 yanatosha. Chagua tukio moja, eleza linavyofanya kazi, na usifichue yanayotokea baada ya nusu ya kitabu. Maneno "kinagusa moyo" yaache, hayamwonyeshi msomaji wako kitu.

Na kumpa rafiki? Kuwa mwangalifu kuliko unavyodhani. Ukimwambia "nilipokisoma nilikukumbuka wewe", huenda umemtajia jambo ambalo hajalitaja mwenyewe, tena mbele ya watu. Mwambie tu kwamba wewe umekipenda. Usimpe mbele ya wengine, wala usiandike maneno ya kumhusu kwenye ukurasa wa mbele. Kama nyumbani kwake jalada lenyewe linaweza kuleta maswali, kifunike kwa karatasi, au mpe nakala ya kusomea kwenye simu. Akikirudisha bila kusema neno, usimdodose. Muulize tu kama angependa kingine.