Jibu kwa mama wa Mbezi: binti ashindane kwa shule au kwa klabu?

Dada, umeuliza kama muda alioogelea binti yako wa miaka 12 kwenye bonanza la shule unaweza kumpeleka timu ya taifa. Ukweli, bonanza ni la kumpa moyo tu. Mtafutie klabu iliyo chini ya Chama cha Kuogelea Tanzania, maana njia ya kwenda timu ya taifa inapita huko.

Uliza pia urefu wa bwawa. Mengi hapa Dar ni ya mita 25, ilhali Olimpiki huogelewa mita 50. Kwenye bwawa fupi mtoto anageuka mara nyingi, na kila akisukuma ukuta anapata kasi ya bure. Ndiyo maana World Aquatics (shirikisho la kuogelea duniani, zamani FINA) huweka rekodi za mabwawa hayo kila aina peke yake, na muda wa bwawa fupi haukufuzishi Olimpiki.

Kocha amkazanie sheria mapema. Kwenye mtindo wa chura, ukigusa ukuta kwa mkono mmoja, umeondolewa, hata kama umeongoza. Inauma, nakwambia!

Habari za Olimpiki ziache kwanza. Nafasi za upendeleo kwa nchi zisizo na waliofuzu zipo, ila ni mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kwa kila nchi.