Nimeshona nini mwaka huu: barua kwa binti yangu

Walukuba, Jinja

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Baba yako hajambo, shangazi yako hajambo na anakuulizia kila siku. Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza mambo mawili: mwaka mzima huu niliokaa kwenye cherehani nimeshona nini ambacho mtu hakipati Owino, soko la mitumba kule Kampala, kwa bei ndogo kuliko bei ya kitambaa, na mwaka ujao nimepanga nini, je, nitaanza kuuza? Maswali hayo hayajibiki kwa simu, ndiyo maana nakuandikia.

Nianze na Owino, kwa sababu sina ugomvi na mitumba. Mwaka 2023 Rais aliposema nguo za mitumba zipigwe marufuku, niliwasikitikia wauzaji wale wote, na nilijisikitikia na mimi. Pamba nzuri ninayoshonea hutoka sana kwenye marobota hayohayo: mashuka, mapazia, mashati mapana ya wanaume. Shuka lililokwisha kufuliwa miaka mingi limesharudi lote. Ukilikata leo, gauni halitakufupikia mwilini mwezi ujao. Kitambaa kipya cha pamba sharti ukiloweke, ukianike, ukipige pasi, ndipo ushike mkasi. Kwa hiyo ukitaka sketi ya kwendea kazini, na mwili wako ni huo ulionyooka, nenda Owino, chagua bila haraka, geuza nguo uangalie mishono ya ndani, na mimi sitakulaumu hata kidogo.

Lakini hakuna robota linaloujua mwili wa shangazi yako.

Unajua tangu apatwe na kiharusi mkono wake wa kushoto haunyanyuki. Ulipokuja Idd ulimkuta barazani amevaa vizuri, amejifunga mtandio, na pengine hukujiuliza alivaaje. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa anavalishwa. Mtu aliyelea nyumba nzima, aliyewavalisha ninyi nyote kabla ya shule, anasimama katikati ya chumba huku wifi yake anamvuta gauni kichwani. Kila asubuhi ilikuwa hivyo, na kila asubuhi uso wake ulibadilika. Hilo ndilo lililonirudisha kwenye cherehani kwa dhati, kabla ya jambo jingine lolote.

Nikawa namtazama mkono unavyokwenda. Mtu mwenye kiharusi huanza kuvaa kwa mkono mgonjwa, ule mzima ukafuata. Akivua, mzima hutangulia. Ukishalijua hilo, gauni lenyewe linakuambia likatwe vipi. Nililipasua mbele lote, toka shingoni mpaka chini ya magoti, ili lisipite kichwani kabisa. Mkono wa kushoto niliupa upana kuliko wa kulia, na kwapani nikatia kikwapa kama cha kanzu, kipande kidogo cha kuongeza nafasi, kitambaa kisikaze pale mkono unapokataa kupanda. Vifungo vipo, maana anapenda gauni lenye vifungo, lakini vimeshonewa juu tu. Chini yake kuna utepe wa kunata, anaubana kwa kiganja cha kulia basi. Mfuko uko kulia, umesogea mbele kidogo, unaingia simu na leso.

Siku ya kwanza aliyojivalisha alitoka chumbani, akasimama mlangoni, akaniambia pindo la kushoto limezama. Ilikuwa kweli, kwa sababu bega la upande ule limeshuka tangu ugonjwa, na bega likishuka nguo yote huenda nalo. Nikapandisha mshono wa bega la kushoto kidogo, si pindo, na gauni likakaa sawa. Tangu siku hiyo havalishwi na mtu. Ungeniuliza nimeshona nini mwaka huu na ningekuwa na nafasi ya kutaja kitu kimoja tu, ningetaja hilo gauni na wenzake waliolifuata.

Mengine nimeyasoma kwenye kamba ya kuanikia. Mwanangu, kamba inasema kweli kuliko kabati. Nguo inayopanda kambani kila wiki ndiyo nguo. Isiyoonekana pale hata mara moja ni kitambaa kilichobadilishwa umbo tu. Mwezi huu nilikaa nikakumbuka, nguo baada ya nguo, ni zipi zilianikwa mara nyingi. Magauni ya shangazi, bila shaka. Ile sketi yangu ya kitenge yenye mifuko mirefu, ambayo nimeivaa mpaka rangi imepoa. Sare za watoto wa dada yako. Mashati ya baba yako yaliyogeuzwa kola. Gauni la satini la buluu lililosifiwa na kila mtu kwenye harusi limeanikwa siku ya harusi ile tu. Satini ya poliesta haipitishi hewa, na joto la Jinja saa nane mchana halitaki mzaha. Kwa hiyo swali lako la mwaka ujao kamba imeshalijibu nusu: nitashona yale yanayovaliwa.

Hizo kola nikuelezee, kwa sababu ni kazi ndogo inayookoa shati zima na siku hizi vijana hawaifanyi. Shati la mwanaume huanza kuchakaa juu ya mkunjo wa kola, pale ndevu zinaposugua. Mwili wa shati bado mzima, mikono mizima, kola imetoka nyuzi, na shati linageuzwa kitambaa cha kufutia vumbi. Sasa tazama: kola ina upande wa chini ambao haujaona jua wala ndevu. Unaifumua kola kwa wembe kutoka kwenye ukanda wake, mshono mmoja mmoja, ukiwa umeuvuta mshono ufunguke ili wembe uguse uzi tu usiguse kitambaa. Kabla hujaitoa, unatia alama ya chaki katikati, kwenye kola na kwenye ukanda. Unang'oa vipande vya uzi vilivyobaki, unapiga pasi, unaigeuza kola chini juu, unaoanisha zile alama, unapiga bandi kwa mkono, kisha unapita na cherehani juu ya matundu yaleyale ya zamani. Yale yaliyochakaa yanalala chini, hayaonekani. Baba yako ana shati ambalo nimemgeuzia mwaka huu na watu wanamwuliza kalinunua wapi.

Sare nazo zina siri yake. Mtoto akianza muhula wa kwanza Februari, kufikia Desemba sare inampanda magotini. Nimekata na kuacha akiba nene, inchi tatu kwenye pindo na inchi nzima kila ubavu, hata kama fundi mwingine angeona ni kupoteza kitambaa. Muhula wa tatu nilifumua, nikashusha, nikapiga pasi na kitambaa chenye maji na siki kidogo juu ya ule mstari wa zamani. Hakuna sare ya dukani inayokuachia inchi tatu.

Babu yako ndiye aliyenifundisha kushika kitambaa, na mwaka huu nimemkumbuka mno. Alifanya kazi Nyanza, kiwanda cha nguo cha Nytil, enzi kiwanda kile kinavuma. Kilijengwa hapa kwetu kwa sababu umeme ulikuwa mlangoni, bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na pamba ilitoka Busoga na mashariki yote. Akirudi jioni alikuwa na kipande cha kitambaa mfukoni, ananipa nikivute: huku ni mtande, hakivutiki, huku ni mshindio, kinavutika kidogo, mshazari kinanyumbuka kama mpira. Ndiyo maana sketi ikikatwa mshazari inaning'inia vizuri, na ndiyo maana mtande lazima uteremke wima katikati ya mgongo, la sivyo gauni litajisokota likifuliwa. Mpaka leo nikienda Kampala, kule Kiyembe kwenye maduka ya vitambaa, siangalii rangi kwanza. Navuta, nashika dhidi ya mwanga, nakunja kwenye ngumi nikiona kama kinabaki na makunyanzi. Wenye maduka wameshanizoea.

Kuhusu kuuza: hapana, mwanangu. Nimelifikiria sana, tena kwa heshima, kwa sababu najua unalisema kwa ajili ya faida yangu. Mafundi wanaokaa na cherehani zao kwenye baraza za maduka hapa mjini wanalipa kodi ya nyumba na karo kwa kazi hiyo. Mimi ninayeshonea nyumbani, nisiyelipia baraza, ningeweza kushusha bei na kumnyang'anya mtu mteja wake, na sitaki. Tena nawahitaji. Cherehani yangu ya kukanyaga hushona mstari ulionyooka tu. Kingo zote za ndani nampelekea fundi mwenye ovaloki sokoni, namlipa, tunaongea, ananionyesha jinsi anavyokata suruali. Na kuna jambo jingine. Mteja ana tarehe yake. Gauni la shangazi lilinichukua muda wa kumtazama ambao hakuna mteja angeulipia. Kazi ya namna ile ndiyo ninayoipenda, na haiendi na haraka ya biashara. Watu wawili hapa mtaani wameniomba niwashonee wazazi wao waliopooza. Hao nitawashonea, walete kitambaa tu.

Sasa mwaka ujao. Januari ni sare, hilo halina mjadala. Mvua za Machi mpaka Mei ni miezi ya kutengeneza: zipu zilizokufa, mapindo, kola nyingine, maana nguo hazikauki na mtu huhitaji kila alichonacho. Sitanunua kitenge kipya mpaka rafu ile ya juu ipungue. Mle kuna vipande vizuri vyenye maua makubwa vinavyotaka kupangwa kwa akili, ua likae katikati ya mgongo, si nusu huku nusu kule.

Na kazi kubwa ya mwaka ni kwanjula yako mwezi wa nane, siku ya kumtambulisha mchumba wako kwetu. Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Shangazi, dada wa baba yako, ndiye ssenga wako, ndiye atakayesimama mbele ya watu na kumtoa mkwe wetu katikati ya wenzake. Wiki iliyopita ameniambia kwamba labda nafasi hiyo apewe binamu yake, yeye atakaa ndani. Hakusema sababu. Sababu naijua: gomesi, lile vazi letu refu la heshima. Anaona hawezi kuivaa kwa mkono mmoja, na hataki kuvalishwa siku ya heshima yako.

Ataivaa. Gomesi tangu fundi Mgoa Gomes alipoitengeneza, mwanzoni mwa karne iliyopita, ina shingo ya mraba, mabega yaliyochongoka, na vifungo viwili upande wa kushoto. Kushoto, mwanangu! Mkono wa kulia unavuka kifua na kuvifikia bila taabu. Na haipiti kichwani, huzungushwa mwilini. Imebaki mikono, ambayo wa kushoto nitaupanua kwa ndani na kuutia kikwapa, kilele cha bega kikae sawa na cha kulia kwa kitambaa kigumu ndani yake. Kikoi cha ndani nitakitia lastiki kiunoni. Mkanda wa nyonga ndio mgumu, kwa sababu fundo lake linahitaji mikono miwili. Nitalifunga fundo mimi mwenyewe, nilishone lisifunguke, na upande mmoja nifiche utepe wa kunata. Atauzungusha, ataubana. Mbele ya watu litaonekana fundo kama la wengine wote.

Nitaijaribu kwanza kwa shuka la mitumba, nimvalishe, nirekebishe, tena na tena mpaka yeye aseme inatosha. Kitambaa cha gomesi ni karibu mita sita; sikigusi kwa mkasi mpaka shuka limekubali. Mwambie mchumba wako asiwe na wasiwasi, ssenga wa kumtoa yupo. Ila kwa shangazi mwenyewe usilitaje bado, nataka alione lile la shuka kwanza.

Yako nitashona nayo mimi, ukikubali. Nitumie vipimo: mabega toka ncha hadi ncha, kifua, kiuno, nyonga pale palipo pana zaidi, mkono toka begani hadi kiwiko, na urefu toka shingoni mpaka sakafuni. Usijipime mwenyewe, ukiinama kuisoma futi kipimo kinabadilika. Mwombe mwenzako wa ofisini. Simama wima, vaa viatu utakavyovaa siku hiyo, na chini ya gauni usivae suruali ya jinzi. Andika kwa inchi. Nataka niwe navyo kabla ya Machi ili kikoi chako cha pamba nikiloweke jua likiwa bado kali.

Baba yako anasema uje na mchumba wako mapema mwezi wa saba, akae nasi siku mbili tatu.

Mama yako