Kupumzika Nako Ni Imani

Ukimuuliza mtu kumtegemea Mungu maana yake nini atakutajia mambo mazito, ugonjwa, msiba, kukosa kazi. Sawa kabisa. Ila mimi nilivyoona kwenye maisha yangu imani inapimwa zaidi usiku wa kawaida tu, kazi haijaisha, meseji hazijajibiwa, mwili umechoka na bado moyo unasema ngoja nimalizie hiki kimoja. Hapo ndo unajua kama kweli unaamini kuna anayeyaangalia mambo yako wewe ukiwa umelala.

Kuna habari ya mana, Kutoka 16, naipenda sana. Waisraeli wametoka utumwani Misri, wako jangwani, kila asubuhi wanaokota mana, chakula alichowapa Mungu, cha siku hiyo tu, wengine wakajiwekea akiba ya kesho kikaingia mabuu kikanuka. Halafu siku ya sita wanapewa sehemu mbili, kile cha ziada kinalala hadi sabato na hakiharibiki wala nini. Sasa cheki mstari wa 27, siku ya saba wapo waliotoka kwenda kuokota, na hawakukuta kitu! Jamani, sehemu mbili zilishatolewa jana yake. Mimi siwaoni kama watu wa tamaa hawa, naona watu waliotoka utumwani, waliozoea kwamba usipofanya kazi leo utakiona, sasa leo wanaambiwa kaeni ndani tulieni, wanaogopa. Ndo maana Kumbukumbu la Torati 5:15 inaiunganisha sabato na kutoka Misri, mtumwa hana siku yake.

Na ukweli wengi wetu tumeokoka lakini bado tunaishi hivyo hivyo. Kanisani ndo usiseme, mtu huyo huyo yuko kwaya, yuko kamati, anafundisha watoto, anaongoza maombi, akisema amechoka anaambiwa shetani anamzuia. Mi hilo silikubali. Yesu mwenyewe kwenye Marko 6:31 wanafunzi wametoka kwenye huduma, watu wanakuja na kuondoka mpaka hawapati hata nafasi ya kula, akawaambia twendeni mahali pasipo watu mkapumzike kidogo. Watu wenye shida walikuwepo bado, tena waliwafuata huko huko na akawafundisha, lakini ile nia ya kupumzika yeye ndo aliyeianzisha.

Kitu kilichonisaidia mimi ni kufunga siku mapema kidogo. Kabla sijaenda chumbani nachukua karatasi naandika yale ambayo hayajaisha, lile la hela, yule mtu sijampigia, majibu ninayoyasubiri, halafu naomba kwa kifupi nikiyataja moja moja, Bwana hili la kwako, na hili, kisha karatasi inabaki mezani na simu inabaki huko huko. 1 Petro 5:7 inasema tumtwike yeye fadhaa zetu zote, na ukimtwika mtu mzigo si unabaki mikono mitupu? Kuna maombi mengine ya kitandani ukiyasikiliza vizuri ni wasiwasi ule ule umewekewa amina mwisho, unazunguka palepale saa nzima, unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Bora ufupishe. Ukishtuka usiku yakarudi, sema tu Baba nilishakupa, geuka upande wa pili.

Siku moja kwa wiki nayo ilinde, yaani siku ambayo huingizi kazi hata ile ndogo ya dakika tano. Mwanzoni utajisikia vibaya mno, kama vile unaiba. Itaisha. Wapo watakaolalamika hupatikani, wajibu kwa upole kesho yake, mara nyingi utakuta jambo lenyewe lilishajimaliza bila wewe (hii inauma kidogo kwenye kiburi lakini ndo dawa). Kama kazi yako ni ya zamu au una mtoto mchanga au unauguza mtu najua siku nzima ni ndoto, basi tafuta hata saa moja na umwombe mtu akushikie hapo ulipo, kuomba msaada nayo ni njia Mungu anayotumia kututunza, sijui kwa nini tunataka malaika tu.

Nikitaja malaika namkumbuka nabii Eliya, 1 Wafalme 19. Ametoka kuwashinda manabii 450 wa Baali kule mlima Karmeli, siku chache tu baadaye yuko chini ya mti jangwani anaomba afe. Mungu hakumkemea kwa imani ndogo. Akamwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, Eliya akala, akalala tena, akaamshwa akala tena, ndo safari ya kwenda Horebu, mlima wa Mungu, ikaanza. Mazungumzo yalikuja baadaye kabisa.

Kwa hiyo kama wewe umekaa muda mrefu hulali, hamu ya kula imekata, kila kitu kizito, ukaona hata maombi hayatoki, nenda hospitali uongee na daktari na mwambie mtu wa karibu unayemwamini, usisubiri mpaka udondoke. Na ukikutana na mtu kanisani yuko hivyo usianze kumtafutia dhambi iliyojificha. Mpelekee chakula, mchukulie watoto mchana mmoja, mwache alale.