Data ya pamoja katika moduli za Apache: uliza kwanza kumbukumbu ni ya nani

Anayeanza kuandika moduli ya seva ya Apache kwa kawaida hutangaza kigezo tuli, hukiongezea moja kila ombi linapoingia, hujaribu kwenye kompyuta yake na kuona mambo yanakwenda sawa. Seva inapopata wageni wengi, hesabu huanza kupotoka, kwa sababu Apache haiendeshi mchakato mmoja (programu inayokimbia ikiwa na kumbukumbu yake yenyewe). Katika mipangilio ya kawaida ya worker na event (njia mbili za Apache za kugawa maombi), michakato inaweza kufika 16 na kila mmoja ukawa na nyuzi 25 (mikondo ya kazi inayokwenda sambamba ndani yake), na kila mchakato una nakala yake ya kigezo kile. Moduli inayozuia watu kubahatisha nywila kwa kuruhusu majaribio 5 tu inaweza, kwa hali hiyo, kuruhusu majaribio 80 kabla michakato yote haijaanza kukataa.

Kwa hiyo, kabla sijaandika mstari wowote, huamua data ni ya nani. Ile inayosomwa tu baada ya seva kuwaka haihitaji kufuli lolote (kizuizi kinachoruhusu mmoja tu kuigusa data kwa wakati mmoja), kwani michakato yote huirithi kutoka kwa mchakato mzazi. Ile inayotumiwa na nyuzi za mchakato mmoja hutosheka na kufuli la apr_thread_mutex, ila ikumbukwe kwamba mabwawa ya kumbukumbu (mafungu ambayo hutengwa na kuachiliwa kwa pamoja) ya APR, maktaba ya msingi ya Apache, hayana kinga dhidi ya nyuzi mbili kuchota kwa pamoja, jambo ambalo hata waandishi wazoefu hulisahau.

Kazi kubwa iko kwenye data ya michakato yote. Kumbukumbu ya pamoja huundwa na mzazi kwa apr_shm_create katika hatua ya post_config (mipangilio ikishasomwa), kabla watoto hawajazaliwa. Hatua hiyo hupitiwa mara mbili seva inapowashwa, kwa hiyo ninapendekeza kuitumia ap_state_query ili kuruka mzunguko wa kwanza. Ndani ya kumbukumbu hiyo huhifadhi umbali kutoka mwanzo wake badala ya vielekezi (anwani kamili za kumbukumbu), maana mchakato unaojiunga nayo baadaye unaweza kuiona katika anwani nyingine kabisa.

Kufuli lake ni apr_global_mutex, na kila mtoto lazima aliite apr_global_mutex_child_init katika hatua ya child_init, yaani anapoanza kazi. Jambo linalowasumbua wengi zaidi ni ruhusa: mzazi huanza kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), watoto wakaendeshwa na mtumiaji mdogo kama www-data, na kwa baadhi ya aina za kufuli mtoto hukataliwa kabisa mpaka mzazi aite ap_unixd_set_global_mutex_perms. Mwandishi anayejaribu kazi yake bila root hataliona kosa hilo hata akijaribu wiki nzima.

Kufuli likishashikwa, lishikwe kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Sikubali swali la hifadhidata, wala kuandika kwenye faili la kumbukumbu za matukio, kufanyika ndani yake, kwani nyuzi 400 zinaweza kusimama foleni nyuma ya moja. Kama kinachohitajika ni kihesabio tu, apr_atomic_inc32 juu ya kumbukumbu ya pamoja inatosha bila kufuli.

Ikumbukwe pia kwamba kumbukumbu iliyofungamanishwa na bwawa la pconf (bwawa la mipangilio) huondolewa seva inapowashwa upya, hata kwa njia ya upole (graceful). Data inayotakiwa kuvuka hapo ifungamanishwe na bwawa la mchakato wenyewe.

Mara nyingi, hata hivyo, humshauri mwenzangu asijenge haya yote, bali atumie mod_socache_shmcb, moduli ya Apache ya akiba katika kumbukumbu ya pamoja, ambayo mod_ssl (moduli ya HTTPS) huitegemea kuhifadhi vikao vyake. Yenyewe haijifungi, hivyo bado ni wajibu wa moduli yako kushika kufuli kabla ya kuiita. Na ikiwa seva ziko kwenye mashine kadhaa nyuma ya kigawa mzigo (kifaa kinachogawa maombi kati ya seva), kumbukumbu ya pamoja haivuki mashine: hapo chukua mod_socache_memcache au mod_socache_redis, zinazohifadhi data kwenye seva ya akiba ya nje, ukikubali kwamba kila ulizo sasa litapita kwenye mtandao.