Maswali na majibu: nyota mfu inayomnyonya jirani yake

Nyota ya nyutroni ni nyota iliyokwisha kufa. Inakuwaje bado ing'ae?

Inang'aa kwa kile inachokula. Ni kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka: uzito wa Jua letu na nusu hivi, umesongwa ndani ya tufe lenye upana wa kilomita 25 tu. Ikiwa jirani yake ni nyota jitu, gesi ya jirani huvutwa na kuiangukia kwa kasi inayokaribia nusu ya ile ya mwanga. Ikigonga hapo hupata joto la mamilioni ya nyuzi, na kitu chenye joto hilo hung'aa zaidi kwa eksirei. Kilo moja ya gesi ikianguka hivyo hutoa nishati zaidi ya mara 20 ya ile inayotolewa na kilo ya haidrojeni ndani ya Jua.

Picha za eksirei nilizoona ni nukta tu. Wamejuaje kwamba nyota ziko mbili?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana jibu lilipatikana kwa kuhesabu muda. Chukua Cen X-3, chanzo cha eksirei katika kundinyota la Kantarusi. Mwaka 1971 setilaiti Uhuru iligundua kwamba eksirei zake huja kwa mapigo, moja kila sekunde 4.8. Usumaku wa nyota hiyo unaushinda wa Dunia mara trilioni na zaidi, nao huielekeza gesi kwenye ncha mbili tu. Nyota ikijizungusha, ncha hizo hututazama kisha hutupa kisogo.

Lakini mapigo hayakushika wakati. Siku moja yaliwahi, siku ya pili yakachelewa, hadi sekunde 40 hivi kila upande. Eksirei husafiri kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo sekunde 40 ni kilomita milioni 12: chanzo chake kilikuwa kikitusogelea na kurudi nyuma, kikizunguka kitu kingine. Tena kila baada ya siku 2 na saa 2, eksirei zilikatika kwa karibu nusu siku nzima. Nyota ilikuwa imepita nyuma ya jirani yake. Jirani huyo alikuja kutambuliwa kwa darubini ya kawaida mwaka 1974 na Mpolandi Wojciech Krzemiński: jitu lenye uzito wa takriban Majua 20.

Kwa nini setilaiti ya Wamarekani iliitwa Uhuru?

Kwa sababu ilirushwa kutoka pwani ya Kenya tarehe 12 Desemba 1970, nchi ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru. Hewa humeza eksirei za angani kabla hazijatufikia, hata ukipanda mlima gani, hivyo sharti chombo kitoke nje. Roketi ya Scout iliondoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi. Ikweta ina faida: mzunguko wa Dunia huisukuma roketi, na njia ya juu ya Ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mnururisho unaovuruga vipimo. Hiyo ilikuwa setilaiti ya kwanza kuundwa kwa ajili ya eksirei za angani pekee, na kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Naona kila mwanafunzi wa Malindi anastahili kufundishwa habari hii darasani.

Naweza kuziona mwenyewe?

Eksirei, hapana. Jirani, ndiyo, ila wa jozi nyingine. Nyota jitu HD 77581, iliyo katika kundinyota la Tanga, imefifia kidogo tu kupita uwezo wa macho, na darubini ndogo ya macho mawili inatosha. Itafute jioni za Machi na Aprili, upande wa kusini. Nyota ya nyutroni Vela X-1 huizunguka kila siku 9 hivi, karibu mno kiasi cha kuogelea ndani ya upepo wa jitu hilo, yaani gesi inayopeperuka kutoka kwake. Upepo huo una mabonge, ndiyo maana eksirei zake hupanda na kushuka ndani ya saa chache; wataalamu huyapima mabonge hayo kwa njia hiyo.

Itammaliza jirani yake?

Hapana, inachonasa ni sehemu ndogo sana ya upepo. Majitu huishi miaka milioni chache tu. Hili litavimba, na huenda likaimeza nyota ya nyutroni. Ikinusurika, mlipuko wa jitu waweza kuacha nyota mbili za nyutroni zikizungukana, au kuzitawanya kila moja na njia yake.